Kapita amekuwa mwizi, na mimi ninafurahi

Bunia, Jumamosi jioni

Jua limetoka vizuri leo, baada ya mvua ya wiki nzima. Kila nyumba ya parseli yetu imeanika kitu: nguo, mihogo, magodoro. Mimi nimeanika miguu yangu mlangoni, na Kapita, mbwa wangu, amelala pembeni anakoroma kama muzee aliyeshiba.

Nina furaha. Acha niiandike kabla haijapoa.

Kapita alianguka kifafa Jumapili moja, watu wakirudi kanisani. Miguu ilipiga hewa, povu likatoka mdomoni. Mama Rasheli, jirani ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alipiga kelele kwamba mbwa ana kichaa, na vijana wakaja na fimbo. Nilimlalia juu na nguo yangu ya kanisa. Veterineri alimpima, akasema si kichaa, ni kifafa, akatoa vidonge vya asubuhi na jioni.

Mama Rasheli hakusadiki. Huku kwetu povu la kifafa linaogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Likikugusa, wanasema, na weye utaanguka. Kila mahali Kapita alipodondosha mate, yeye alimwaga majivu. Watoto wake aliwakataza kumkaribia. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba akianguka tena nimtoe parselini, ama yeye ataenda kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu. Upole ule uliniuma kuliko matusi.

Nimtoe nimpeleke wapi? Tangu dada yangu aolewe kule mji wa Kpandroma ninakaa peke yangu. Anayenipokea nikirudi sokoni ni huyu tu.

Basi nikawa mtumwa wa vidonge. Nikificha ndani ya bugali, bwana anakula bugali na kutema kidonge kikiwa safi. Ndani ya ndizi, vilevile. Ndani ya kichwa cha samaki akameza bila kutafuna, mjinga yule. Hajaanguka tena. Ila dawa imemletea njaa ya ajabu. Angeweza kula hata ufagio.

Leo mchana amekula fretini za Mama Rasheli, samaki wadogo aliokuwa ameanika kwenye lungo. Nilikuwa ninafua nikasikia sapatu inapiga mgongo. Kugeuka, Mama Rasheli amechuchumaa, amemshika Kapita shingo, na mkono wake wote umeingia mdomoni mwa mbwa, anachomoa samaki mmoja mmoja. Mate mpaka kwenye kiwiko.

Ndipo akakumbuka. Aliutazama mkono, akanitazama mimi, akaupangusa kwenye kikwembe chake.

"Weye, chunga mbwa yako," akasema. "Iko mwizi sana."

Mwizi. Neno la kifafa halikutoka kabisa.

Nilimwomba msamaha huku ninauma midomo nisicheke. Hakwenda kuchota majivu. Alirudi kutwanga sombe yake, majani ya mihogo, akinung'unika kwa kila pigo la mchi, na mtoto wake mdogo akaja kumwangalia Kapita kwa karibu. Mama yake hakumwita arudi.

Wasiwasi haujaniisha, sitadanganya. Kapita akinyoosha mguu usingizini, moyo wangu unaruka. Anaweza kuanguka tena, veterineri alinionya.

Lakini kesho baada ya ibada nitamnunulia Mama Rasheli fretini zingine, na nitamwambia azianike juu, kwenye paa, kwa sababu mwizi wetu haendi popote.