Mapanga Niliyoyabariki

Jumapili, 22 Februari
Ibada ya kubariki mbegu. Kasisi yuko mtaa mwingine, nimeongoza mimi mwinjilisti. Mahindi, majembe, mapanga, vyote chini mbele ya madhabahu, kama kila mwaka. Vijana watano wameleta mapanga tu, bila hata punje ya mbegu. Yona, mdogo wangu, mmoja wao. Nimeona. Nikanyoosha mikono, nikabariki. Mjinga mimi.

Jumanne, 24 Februari
Yona kaja kunoa panga uani kwangu. Ijumaa asubuhi trekta la tajiri wa mkonge, anayedai ardhi ni yake, linarudi kulima mashamba yetu, linafukia mahindi ya vuli. Yeye na wenzake wamepanga kulichoma. Dereva asipokimbia, shauri yake. Nimemkumbusha kwamba Bwana alimkataza Petro upanga. Akacheka.
"Dada, aliambiwa aurudishe alani, hakuambiwa autupe. Na haya umeyabariki mwenyewe."
Akaendelea kunoa.

Jumatano, 25 Februari
Sijala. Naogopa polisi, naogopa damu, namwogopa hata Yona niliyembeba mgongoni. Na niseme kweli, hapa hasomi mtu: yule tajiri namchukia. Shamba lile nimelilima tangu nikiwa msichana. Barua tumeandika, wilayani tumekwenda, tumeambiwa tusubiri. Kuhubiri subira ni rahisi kwa mwenye pa kulima.
Lakini dereva ni kibarua wa Kimamba, ana watoto, naye hana shamba. Wakimkata yeye, tajiri ataajiri mwingine.

Alhamisi, 26 Februari
Nimepanda bodaboda hadi Kimamba. Nimemwambia dereva kesho asije. Sikutaja jina la mtu.
"Mama, ni wengi?"
Nikasema ndiyo. Akakaa chini palepale.
Wakijua ni mimi, paa langu la nyasi halichelewi kushika moto.

Ijumaa, 27 Februari
Trekta halikuja. Wamelisubiri mpaka jua la utosi. Wameshajua, mwenye bodaboda kasema. Nimefunga mlango. Mungu wangu.

Jumapili, 1 Machi
Hawajanigusa. Kanisani nimesoma zaburi tu, mahubiri yamenishinda. Kesho wanawake tunakwenda wilayani, tutakaa mlangoni pao mpaka watusikilize. Sijui kama itasaidia. Shamba bado si letu.
Nikitoka nimekutana na Yona njiani. Kapita bila shikamoo, mara ya kwanza tangu ajue kusema. Nimeitikia marahaba.