Kanisa Linashona Sare, na Mimi Ukocha Mkuu Siutaki

Bi Mwanakheri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nimejiingiza mwenyewe pabaya na kila ninavyonyamaza ndivyo ninavyozidi kuzama.

Mimi ni Mtanzania, naishi hapa Brussels na mke wangu Claudine, mtu wa Bukavu, Kongo, pamoja na watoto wetu, na kazi yangu ni kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja hapa mjini, kazi ambayo sikuipata kirahisi, kwani nilipofika nilikuwa mlinzi kwenye jengo moja kule Schuman, mchana kutwa nimesimama mlangoni na jioni naenda chuoni kuokota mipira bure, mpaka kocha mkuu wetu, Hervé, akaniuliza kama naweza kuwasimamia wale warefu wanaocheza chini ya goli, nikasema naweza, nikasomea cheti, nikaacha ulinzi, na leo mazoezi yakiisha mimi ndiye wanayemfuata. Bi Mwanakheri, naipenda kazi hii jamani! Hervé anahangaika na wakubwa wa chuo, na wazazi, na waamuzi, anapanga nani aanze na nani akae benchi, na wote wanamnunia, mimi namchukua mchezaji mmoja pembeni namwonyesha namna ya kuuweka mguu, anakosea, tunacheka, anarudia, halafu siku ya mechi anageuka vile vile nilivyomfundisha, anafunga, na kabla hajamwangalia mtu mwingine ananitafuta mimi. Nikitoka hapo nawahi nyumbani kula na wanangu. Sina ninachokosa.

Sasa Hervé anastaafu msimu ukiisha, na mkurugenzi wa michezo anataka nichukue nafasi yake, jibu Jumatatu. Nilipomwambia Claudine alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta, wala hakuuliza nimejibu nini, kwani nani angekataa, akampigia hapo hapo Maman Yolande, kiongozi wa kina mama kanisani kwetu, na Maman Yolande akataka apewe mimi kwenye simu, akaniambia: "Bon, papa Herman, Mungu alijibu! Dimanche tutafanya action de grâce, na pagne tulisha kuchagula." Yaani Jumapili hii ni ibada ya shukrani, na kama huijui desturi yao, mtu akipata jema kina mama wananunua kitambaa cha aina moja, ndiyo hiyo pagne, kwenye maduka ya Matonge, wanashona sare, mwenyewe anasimamishwa mbele, kanisa zima linamshukuru Mungu kwa ajili yake, na baada ya hapo huwezi tena kusema hukupokea.

Na mimi, badala ya kusema jamani ngojeni, siku Maman Yolande alipokuja na futi yake ya kupimia nilisimama sebuleni nikanyoosha mikono nipimwe shati. "Alors, sasa uko muntu mukubwa," ananiambia, "lazima shati ikuwe kubwa." Nikatabasamu, Bi Mwanakheri. Nikamshukuru na kumshukuru.

Claudine anapita barabara ya Chaussée d'Ixelles kichwa juu, anasalimiwa mke wa kocha. Nikikataa namwaibisha mbele ya watu wake, nikikubali naipoteza kazi ninayoipenda. Na hivi kweli, mwanaume akiridhika kuwa wa pili, ana kasoro?

Herman, Ixelles

*

Marahaba, Herman. Ala! Mtu mzima na kimo chako chote, unapimwa shati la sherehe usiyoitaka na unatoa meno nje? Nisikufiche, nilicheka. Kisha nikaudhika.

La kasoro tulimalize upesi: huna. Juu ya yule mchezaji na mguu wake umenijazia mistari, juu ya kiti cha Hervé hukuandika hata neno moja la hamu. Wala si woga, maana mwoga hujitetea, na wewe hukujitetea. Basi usikikubali. Ukikikubali kwa ajili ya ibada, ibada itakwisha saa nane mchana watu waende kula, na wewe utabaki na wale wazazi mwaka mzima, na timu ikifungwa wa kwanza kuonyeshwa mlango ni wewe.

Ila hebu amka, baba. Mimi kikapu sikijui, nikamuuliza Kevin, Mkenya ninayekutana naye sokoni Flagey, aliyefundisha mchezo huo huko kwao. Akacheka. Akasema, "Bi Mwanakheri, kocha mpya huja na msaidizi wake. That's normal." Hilo umelifikiria? Unakataa kiti cha mbele ukidhani cha nyuma kitakungoja tu, kwa mapenzi! Kwa hiyo Jumatatu usiseme hapana ukageuka ukaenda zako. Sema: nafasi ya Hervé siitaki, yangu naitaka, naomba mkataba mpya wa usaidizi kabla hamjaajiri mtu, na huyo mtu nikutane naye. Leo wanakutaka kiasi cha kukupa timu nzima, leo ndiyo siku ya kuomba. Mwezi ujao watakuwa hawakukumbuki.

Kanisani, sherehe isivunjwe. Mimi ni Mwislamu, ya kwenu sitayasemea sana, lakini sijasikia kwamba Mungu hashukuriwi mpaka mtu apandishwe cheo. Nendeni wawili kwa Maman Yolande, wewe na mkeo, wala usimtume Claudine akakusemee. Mwambieni habari ya ukocha mkuu iondolewe, lisemwe lililo kweli: mtu huyu alifika hapa mgeni, akasimama mlangoni pa watu, na sasa anafanya kazi inayomfurahisha. Brussels hii wangapi wanaweza kusema hivyo? Atanuna kidogo. Mwache anune, ataimba tu.

Lakini haya yote yanangoja jambo moja, na hapa ndipo uliponikera hasa. Umeandika kana kwamba Claudine anapenda kusalimiwa barabarani. Nani alikuwa anakungoja ukirudi kutoka Schuman na miguu imevimba? Nani alilala na watoto peke yake ulipokuwa unaokota mipira ya watu bure? Huyu mwanamke alipiga vigelegele kwa sababu anaamini kwamba taabu yote ile ilikuwa kwa ajili ya kiti hiki, na kwamba hatimaye umepata ulichokuwa unakitafuta. Anakufurahia wewe, Herman. Hajui kwamba ulikipata zamani, kwa sababu hukumwambia. Uwanjani unawapigia wachezaji kelele waongee wasigongane, na nyumbani unakaa kama picha ukutani!

Leo, si kesho. Watoto wakishakula, zima televisheni, kaa karibu naye, na usianze na mkurugenzi wala na mkataba. Mwambie hivi: Claudine, tulikuwa tunakuja hapa hapa, na tumeshafika. Halafu mwache alie kidogo, maana atalia, na wewe usikimbie.