Bibi wa Ukutani

Jumamosi, 15 Novemba. Nimeingia mwaka wa nne tangu nitoke Korogwe. Mvua ya leo hapa Peckham, London, ni ya kukera: hainyeshi ikaisha, wala hainyeshi ikalowesha, inatutemea mate tu tangu asubuhi.

Nimechoka na mwanamke mmoja, na mwanamke mwenyewe si mke wangu.

Anaitwa Odessa Vane. Alikufa kabla mama yangu hajaolewa. Alikuwa nyota wa sinema za Marekani, zile za mwanzo kabisa, za bubu, ambazo watu walifungua midomo na sauti isitoke, kisha yakaja maandishi kueleza walichosema. Jengo tunalolikarabati lilikuwa ukumbi wa sinema, likawa duka la mazulia, likawa kanisa, sasa litakuwa mkahawa. Tulipong'oa mbao za jipsamu tukamkuta amechorwa ukutani, sura peke yake kubwa kama mlango wa gereji. Macho yamepakwa wanja, lulu shingoni, anatutazama kama tumechelewa kazini.

Tangu siku hiyo sina raha.

Mimi ni saidia fundi. Kazi yangu ni kubeba kifusi, kuchanganya zege na kusukuma toroli. Lakini fomani alitutazama sote akasema mimi ndiye nisiyevunja vitu, akanipa brashi laini kama ya kupakia poda. Sasa kutwa niko juu ya jukwaa, nampangusa mke wa watu vumbi la lipu puani. Shingo imepinda. Magoti nimeyafunga sponji na bado yanalia. Na kila nikishika brashi, fomani ananiambia taratibu, taratibu. Zege halijawahi kunitaka taratibu.

Kisha kuna mama wa mambo ya kale. Huyu huja kila Alhamisi na glavu nyeupe, husimama chini ya jukwaa na kunisimulia maisha ya Odessa, nitake nisitake. Kiingereza changu ni cha darasa la saba nikaongezea cha ujenzi, lakini kwa jinsi anavyorudia, nimeshika yote.

Jina la Odessa ni la kubandikwa. Mama yake alimwita Annie. Alizaliwa mitaa ya nyuma ya jengo hili hili, mtoto wa dobi na msukuma mkokoteni wa makaa. Akawa mcheza ngoma wa jukwaani, akapanda meli kwenda Marekani. Wenye sinema wakampenda sura, wakamkataa mengine yote. Walimng'oa magego ili mashavu yabonyee. Wakampa na baba mpya, mwana wa mfalme wa Urusi aliyefia kwenye theluji. Baba yake halisi wakati huo yuko hai, anasukuma makaa. Wakamkataza kusema neno mbele ya waandishi wa magazeti.

Akawa mkubwa. Kila picha alikufa vizuri kuliko ile iliyopita. Alivaa manyoya kwenye nchi ya jua, akafuga chui kwa mnyororo, akaolewa mara tatu. Mume wa pili alikimbia, chui akabaki.

Kisha picha zikaanza kusema. Siku ya kwanza alipofungua mdomo, ukumbi mzima ulicheka. Binti wa mwana wa mfalme, na sauti ya muuza samaki wa Peckham. Haikupita muda wakamwacha. Alimalizia maisha akiuza kofia kwenye mji mdogo wa pwani, na wateja hawakumjua.

Mama wa mambo ya kale akifika hapo hushusha sauti. Mimi huudhika. Nani alimwambia akae kimya muda wote huo? Angesema mapema, wangecheka mapema, wangezoea.

Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri mpaka Jumanne.

Jumanne mke wangu Zuhura alinipigia simu nikiwa juu, na simu nimeiacha chini kwenye ndoo. Aliyeipokea ni Papa Safi, mwenzangu wa kazi, mtu wa Bukavu. Ni mtu mwema na mdomo wake hauna komeo. Sasa kwetu Korogwe, bibi ni mama wa mama yako au wa baba yako. Kwao Papa Safi, bibi ni mke. Ndivyo walivyozaliwa wakasikia, na hakuna aliyewahi kutuonya.

Alinieleza mwenyewe walivyozungumza, akidhani kanifanyia hisani. Zuhura aliuliza mume wake yuko wapi. Papa akamjibu, "Eko na bibi yake kule juu, anamupangusa sura. Akimaliza ataita."

Zuhura akamwambia bibi yangu alishakufa, na yeye alikuwepo kwenye kumwosha.

"Hapana, mama," akasema Papa. "Huyo ni koko. Mi nasema bibi. Bibi ya muzungu. Kila siku iko naye, toka asubuhi."

Simu ikakatwa.

Nilipomshukia Papa alinishangaa kweli. Alisema yeye hakudanganya. Hata bibi yake wa nyumbani Tottenham hajawahi kumpangusa uso kwa uangalifu ule.

Nikapiga, haipokelewi. Nikatuma ujumbe, haujibiwi. Jumatano akanipigia shemeji Hamza, kaka yake Zuhura, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhukumu. Zuhura amekwenda kwa mama yake Muheza, na amechukua cherehani.

Hapo nikaelewa. Mwanamke akiondoka na nguo, anataka umbembeleze. Zuhura hula kwa cherehani ile. Akiondoka nayo ameondoka.

Mtu mwenye akili atasema dawa ni rahisi: piga simu ya video, mwonyeshe ukuta, mcheke, yaishe. Kwamba dawa ilikuwa rahisi ndiko kulikoniudhi zaidi, kwa sababu sikuweza kuinywa.

Kule nyumbani mimi ni injinia.

Sikujipa mimi cheo hicho. Mwaka wa kwanza fomani aliinama kufunga kamba za viatu, akanipa ramani nimshikie, na mtu akatupiga picha. Nilikuwa na kofia mpya nyeupe. Nikaituma. Hamza akaisambaza na kuandika chini yake: Injinia wetu. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Baada ya hapo kila picha ilibidi ifanane na ile ya mbele yake. Nikasimama karibu na gari la mtu. Nikaazima koti la fomani. Picha haikohoi, wala haina harufu ya jasho. Mama mkwe huwaonyesha wanawake wenzake arusini. Jirani mmoja alinitumia ramani ya nyumba yake nimkagulie. Nilimwambia aongeze madirisha.

Kwa hiyo nikimwonyesha Zuhura ukuta, ataona na aliye mbele ya ukuta. Nisipomwonyesha, nina mke wa pili London. Nilichagua kukasirika. Nilimkasirikia Papa, nikamkasirikia Hamza, nikamkasirikia Odessa Vane mpaka fomani akaniuliza kwa nini nasugua jicho kama sufuria.

Alhamisi mama wa mambo ya kale akaja na hadithi mpya, nami sikuwa na hamu nayo.

Alisema yule dobi, mama yake Annie, hakujua kusoma. Lakini kila Ijumaa alikaa safu ya mbele humu ndani kumtazama mwanawe. Maandishi yakija hakuyashughulikia. Alitazama mdomo. Kule kufulia mashine zilikuwa na kelele, madobi wakazoea kusemezana kwa midomo tu. Basi ukumbi mzima unalia, binti wa mfalme anakata roho mikononi mwa mpenzi wake, na dobi anacheka mpaka anajifuta kwa aproni. Mwanawe alikuwa akimwambia yule mpenzi kwamba ananuka vitunguu.

Wengine wote walimwona Odessa. Dobi alikuwa akimtazama Annie, kila Ijumaa.

Sikulala vizuri na hadithi hiyo. Iliniudhi kuliko zote.

Leo tulikuwa kazini nusu siku. Kabla ya kushuka nilimpigia Zuhura kwa video, nikashangaa akapokea. Nilikuwa nimepanga mambo yangu vizuri: kamera ielekee sura ya Odessa tu, nami nibaki nyuma ya simu, sauti peke yake.

"Bibi mwenyewe huyo," nikasema. "Amechorwa. Alikuwa mtu wa sinema."

Zuhura alisogeza simu karibu na macho. Nyuma yake niliona cherehani juu ya meza ya mama mkwe.

"Amependeza," akasema. "Sasa geuza simu."

Nikamwambia mtandao si mzuri.

"Mtandao ni mzuri, nazihesabu kope za huyo mama. Geuza, wewe bwana."

Papa Safi alikuwa chini anakunja turubai, anasikia kila kitu. Akapanda ngazi mbili, akanyoosha mkono, nami nikampa simu. Sijui kwa nini nilimpa. Nadhani nilikuwa nimechoka tu. Papa akainyanyua, akanielekezea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu.

Nilisimama hapo na lipu kichwani, suruali imepasuka, sponji magotini, brashi mkononi. Nikakohoa, maana vumbi halina adabu.

"Mimi ni saidia fundi, Zuhura," nikasema.

"Najua."

Nikamuuliza amejuaje.

"Tangu ile picha ya kwanza. Mama hutazama koti, Hamza hutazama gari. Mimi natazama vidole. Injinia gani ana zege kwenye kucha zote kumi?"

Nikamuuliza kwa nini basi amekaa nalo moyoni wakati wote huo.

"Ningesemaje," akasema, "na wewe unajitahidi kusimama vizuri namna ile?"

Papa Safi akacheka, simu ikatikisika. Zuhura akamwambia wewe nyamaza, wewe na bibi zako, lakini niliona naye anauma mdomo asicheke. Kisha akaacha mzaha. Alisema hilo la kazi halikumuuma hata siku moja, kwani hata baba yake alibeba matofali. La bibi aliliamini. Aliliamini kwa sababu ya ukimya wangu: mtu anayeweza kunyamazia mikono yake mwenyewe, anaweza kunyamazia na mke.

Nikamwomba arudi nyumbani Korogwe.

Akageuka akaitazama cherehani.

"Hii ni nzito," akasema. "Ya chuma yote. Hamza alinisaidia kuileta akalalamika njia nzima. Haitarudi Korogwe kwa picha. Njoo uibebe."

Nikamsimulia habari za dobi wa safu ya mbele. Kabla hajakata aliuliza kama yule dobi aliwahi kumwambia mwanawe kwamba alikuwa akimsoma mdomo. Nimemwambia sijui, nitauliza Alhamisi.

Sasa niko kwenye basi, madirisha yamejaa ukungu wa pumzi za watu, naandika haya mtandaoni kwa kidole gumba. Huku nako sijaweka jina langu la kweli. Hilo pia linaanza kunikera.

Hamza ametuma ujumbe sasa hivi, hukumu ya Jumatano ameshaisahau. Anataka picha mpya ya injinia, kuna arusi Jumapili. Nimemtumia ile aliyonipiga Papa Safi baada ya Zuhura kukata, ya sponji na lipu. Ameisoma. Hajajibu. Naona anaanza kuandika, anaacha, anaanza tena. Aandike tu.

Fomani anasema ukuta utaisha mwezi wa pili. Mwezi wa tatu, kabla masika hayajaharibu njia ya kwa mama mkwe, nitakuwa Muheza na cherehani begani.