Dada Kagombea Uenyekiti wa Bodi

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani, na goti linaendeleaje? Mama anauliza kama bado unaikataa fimbo. Sisi wazima, ila Baba ana mafua, na anavyolalamika utadhani amekatwa mguu.

Kubwa la huku ni Dada. Unajua yeye mhandisi, na yumo kwenye bodi ya kile kiwanda cha mabomba. Mwenyekiti kastaafu, na Dada akagombea nafasi yake. Mjumbe mmoja akasema kwa upole kabisa, "Ana watoto wadogo, tusimtwike mzigo." Dada akamgeukia mpinzani wake, mwanamume ambaye naye ana watoto wadogo.

"Na wako, wa kwanza yuko darasa la ngapi?"

"Darasa la... ngoja nimpigie mama yao."

Watu walicheka mpaka machozi, lakini kura zikafungana. Wakaahirisha hadi wiki iliyofuata.

Sasa sikia kilichonitatiza. Wanawake kwenye bodi ni wawili tu, na huyo mwenzake, mwanasheria, hakupiga kura kabisa! Nilidhani Dada atawaka moto. Wapi! Akamwalika nyumbani. Mimi nikajifanya napanga vikombe kabatini, si unanijua.

"Ungeniambia tu kwamba hunitaki," Dada alisema.

"Nakutaka sana," mwanasheria akajibu. "Ila kiwanda kina hali mbaya. Ukishindwa, hawatasema fulani kashindwa. Watasema wanawake wameshindwa, na milango itafungwa kwa wote."

"Basi tungoje mpaka mambo yanyooke? Yakinyooka, nani atatupisha?"

Hawakuelewana. Mgeni aliondoka chai yake haijaguswa.

Alhamisi wakarudia uchaguzi, na Dada akashinda kwa kura moja. Unajua ni ya nani. Nilitarajia vigelegele, lakini alikaa jikoni, viatu mkononi, akasema polepole, "Sasa sina ruhusa ya kukosea."

Neno hilo linanizunguka kichwani. Mjomba, wewe umekalia viti vya bodi miaka na miaka. Hebu niambie ukweli: uliwahi hata siku moja kuogopa kwamba ukikosea, wanaume wengine watanyimwa kazi?

Nisalimie Mkaza mjomba na wale pacha watundu. Mungu aijaze nyumba yenu afya na amani.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukukumbuka sana,
Kitindamimba