Hela ya Floriani

Jumanne, 6 Agosti

Nimebadilisha maji ninayolowekea sarafu kabla ya kwenda dukani kwangu, kwenye dawa za mifugo. Maji ya betri, yale safi ya kuongezea, si asidi. Muuza spea wa hapa Nyamwaga anaamini nina lori mahali. Sijamkatalia. Heshima ya bure haikataliwi.

Galieno wawili wameanza kuachia udongo. Tetriko bado amenuna. Hawa ni makaisari wa Roma wa karne ya tatu, enzi ambayo mtu aliweza kuvishwa taji wakati wa kupanda na akawa kaburini kabla ya kuvuna. Makaisari wakubwa wana watu wao wa kuwakusanya, matajiri. Mimi nakusanya hawa waliosahaulika. Nawapanga kwenye trei ya mayai, kila mmoja na kishimo chake. Floriani, mume wangu, huniita Mama Kaisari mbele ya wageni, kisha hucheka peke yake.

Dukani dawa ya minyoo ya ng'ombe imeisha. Ya kupe ipo. Jioni Gati kapiga simu. Ni binti wa shangazi yangu, kaolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na vifurushi vyangu vyote hupitia kwake. "Dada, mzigo yako imefika. Kuja uchukue kabla hawa watoto waifungue."

Ugali umenishinda. Furaha imejaa tumboni, chakula kitakaa wapi?

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Duka limefungwa. Nimekwenda mpakani na kurudi. Ninayo.

Kaisari Floriani. Nimemtafuta miaka. Alitawala kiangazi kimoja tu, askari wake wenyewe wakamuua. Sarafu ni ndogo kuliko kisoda, imeganda udongo. Kwa lenzi naona kichwa chenye taji la miale, na herufi F, L, O. Zinanitosha. Nyuma kuna mwanamke ameegemea nguzo, na muuzaji kaandika kwamba maneno yake maana yake ni kudumu. Kudumu! Mtu wa kiangazi kimoja. Nimecheka njia nzima mpaka jirani yangu wa kiti akasogea.

Niandike kwa nini naitaka hivi. Jumapili ya tarehe 18 ni jubilei yetu, miaka ishirini na tano ya ndoa. Mume wangu ana majina mawili. Mwita kapewa na ukoo. Floriani kapewa na padre siku ya ubatizo, kwa kufungua kalenda ya watakatifu. Watu wakamshika na hilo la padre. Kwetu jina lina mwenyewe, yupo aliyelibeba kabla yako na wewe umeshika nafasi yake. Kila sikukuu mama mkwe hurudia utani ule ule: "Huyu Floriani hana mwenyewe. Tulimwokota kwenye kalenda." Watu hucheka. Na yeye hucheka. Mimi ndiye ninayelala naye, najua kwamba hacheki.

Basi nampa mwenyewe wa jina lake. Mwenye taji, mbele ya watu wote.

Nimeiweka kwenye kikombe cha maji kibarazani nyuma.

Jumamosi, 10 Agosti

Sarafu haipo. Kikombe kimeoshwa na kupinduliwa juu ya kichanja cha vyombo.

Nimepekua jikoni, jalalani, kwenye makopo ya mahindi. Nimepepeta taka za uani kwa ungo. Nimemtazama jogoo kwa jicho baya sana. Floriani kaniuliza natafuta nini, nikasema hereni. Akasema sijavaa hereni tangu Boke azaliwe. Boke ni mtoto wetu wa kwanza, sasa ni mtu mzima yuko Musoma.

Nina hasira na kila kitu.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeipata. Afadhali ningeikosa.

Baada ya misa mama mkwe kaniita nyumbani kwake, hapo hapo uani kwetu. Kafunga mlango. Kafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, na ndani yake yumo Kaisari wangu. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Kumbe marehemu baba mkwe alikuwa na hela. Mama akisema hela hasemi fedha. Anasema hela yenyewe, ile sarafu ya Mjerumani, ndogo, nyeusi, yenye taji. Babu yake Floriani aliipata kwa kubeba mizigo vitani, akamwachia mwanawe. Ikapotea ndani ya nyumba ya zamani. Mzee aliitafuta mpaka alipolala kitandani mara ya mwisho. Nyumba ile ilibomolewa, na pale ndipo nilipolima mboga. Mama kaona kikombe, udongo, kitu kidogo cheusi chenye taji. Akajua nimeichimbua bustanini na nimeiloweka niioshe.

"Mkono wako una baraka, Mama Boke," kaniambia. Kanishika mashavu. Hajawahi kunishika mashavu.

Nimetoka nje na nimekaa chooni muda mrefu bila haja yoyote.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimefikiria usiku na nimepata akili. Mama haoni vizuri. Nitabadilisha. Nimechukua Galieno mmoja, mchakavu, uso umelika, taji lipo. Nimekwenda kumsaidia kukunja nguo. Mama hakuvua kitenge. Nikamwambia kina doa, nipe nikifue. Akasema atafua mwenyewe, na akalishika lile pindo kama mtu aliyeshika kifaranga.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Changu kimo nguoni mwa mama mkwe. Nifanyeje, nimvamie?

Nimwambie Floriani? Hawezi kuficha kitu. Uso wake ni kama dirisha lisilo na pazia. Nimwambie mama ukweli? Nimeamua hivyo. Jumatano, taratibu, nikiwa na sukari na majani ya chai mkononi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimefunga duka mapema, nikaja na sukari yangu na majani yangu na maneno yangu niliyoyapanga. Mama yuko uani na Masanja, mpangaji wetu. Masanja katoka Shinyanga kufuata dhahabu, anachimba huko Kewanja. Kijana mzuri, ila kila kinachong'aa kwake ni mali na kila kisichong'aa ni mali iliyojificha. Sarafu iko kiganjani mwake. Mkono wa pili una kichupa cha asidi ambacho wanapimia dhahabu. Kifuniko kimeshatoka.

"Bibi, hizi rupia za kale zina mambo. Tuitie tone moja tu tuone inasemaje."

Ingesema nini? Ingechemka povu la kijani na mwisho wa Kaisari.

Sijui nimevukaje ule uwanja. Sukari imemwagika. Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Hela ya marehemu haitiwi asidi. Mrudishie mama."

Masanja karudisha haraka, kaomba radhi. Mama kaniwekea mkono kichwani na kusema maneno ya Kikurya ambayo wazee husema wakimbariki mtu, na kaniita mwanangu wa kumzaa.

Ndiyo hivyo. Nimeshuhudia mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya shahidi. Sasa ni hela ya marehemu. Nitasemaje tena kitu kingine?

Nimechukia. Kisha nimecheka. Kuku wanakula sukari.

Ijumaa, 16 Agosti

Leo mama kaisugua. Majivu, mchanga laini, limau. Anaiandaa kwa sherehe, anavyosugua sufuria za wageni. Nimefika amemaliza.

Kwa mkusanyaji hili ni jambo la kuvaa nyeusi. Ile ngozi ya miaka na miaka, rangi ya chokoleti, imekwenda yote. Inang'aa kama kitasa kipya. Mama kainyanyua juani. "Ona taji lilivyotoka."

Limetoka, na maandishi yametoka. Yote, kuzunguka kichwa. Sikuhitaji lenzi. Mama hajui kusoma, kwake ni mapambo tu. Mimi nimesoma jina lote.

Kaniambia Jumapili atampa Floriani, mbele ya ukoo. Floriani atasoma. Floriani anazijua sarafu zangu zote, huniwekea lebo kwenye trei. Atageuka aniangalie, na mama ataona, na aibu ya mama itakuwa mbele ya watu wote.

Sijui niombe nini kanisani. Niombe umeme ukatike mchana?

Jumamosi, 17 Agosti

Mbuzi wawili. Ndizi mikungu mitano. Wake wa mashemeji wamejaa jikoni na kila mmoja ana maoni kuhusu pilau. Boke kaja na keki, imeegemea upande mmoja. Mimi nimenunua shati la kumpa Floriani. Shati! Baada ya yote hayo.

Hata hivyo nyumba inanukia vizuri na watu wanaimba. Nimejikuta naimba.

Jumapili, 18 Agosti

Niandike kabla sijalala, nisije nikafikiri niliota.

Misa nzuri. Padre katania kwamba miaka ishirini na tano na mwanamke wa Kikurya ni sadaka tosha. Tumerudi nyumbani, watu wamekula. Zawadi zikaanza. Mimi nikatoa shati. Floriani akalivaa juu ya lile alilovaa, watu wakapiga vigelegele.

Mama akasimama. Ukumbi wote, yaani turubai lote, ukamgeukia. Akafungua fundo. Akasema kwa Kikurya, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni: "Hii ni hela ya baba yako. Alikufa akiitafuta. Mke wako ameichimbua. Ishike, mura, kijana wangu."

Floriani akapokea kwa mikono miwili. Akaiangalia. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Nikaona anasoma. Nikaona amefika mwisho wa neno na ameanza upya. Nilikuwa nimeshika sinia la soda na nimesahau nampelekea nani.

Hakuniangalia. Hata mara moja. Akainua kichwa, akasoma kwa sauti: "Floriani."

Watu hawakuelewa. Shemeji mkubwa, mwalimu mstaafu, akaiomba, akavaa miwani. Akasoma naye. Ndiyo, imeandikwa Floriani, kwa Kilatini, tena ndani ya chuma, haikuandikwa jana. Ikapita mkono kwa mkono. Masanja akaisoma kwa kidole, herufi moja moja, akasema mambo ya kale si ya kuchezea.

Mama akauliza wanasema nini. Wakamwambia. Akakaa chini. Akafunika mdomo kwa kitenge. Tukafikiri anaumwa.

"Padre hakuliokota," akasema. "Baba yako alikuwa nalo mfukoni siku zote. Mimi ndiye sikujua kusoma." Akanyoosha mkono kwa mwanawe. "Una mwenyewe. Mwenyewe ni baba yako."

Floriani, mtu mzima, mwenye mashati mawili mwilini, akapiga magoti na kulia. Ukoo wote ukalia na kucheka. Mimi nimeweka sinia chini na nimelia kuliko wote, na sijui hata chozi lipi lilikuwa la nini. Nimefurahi. Hilo najua.

Jumatatu, 19 Agosti

Asubuhi tulivu. Wageni wameondoka, Boke kapanda gari la Musoma. Turubai limefungwa. Floriani na mimi tumeosha masufuria uani, mama akiwa bado amelala.

Floriani akaniuliza, bila kunitazama: "Ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yako," nikamwambia. "Tangu mwanzo."

Akaitikia kwa kichwa. Akasugua sufuria. Akasema hela ya mzee itakaa na mama, kwenye pindo lake, mpaka siku ya Mungu. Nikasema ndiyo mahali pake.

Tena akaniuliza yule Kaisari alitawala muda gani.

"Miezi mitatu haikufika."

Akafikiri, mkono ndani ya maji.

"Basi nimempita," akasema, na akanipokonya sufuria kubwa, lile zito.