Nani Atamwosha Papa Aloys

Bukavu, Kadutu, Jumamosi tarehe 11 Novemba 1978

Kwa Tonton Polycarpe, huko Mudaka.

Nakusalimu wewe kwanza, Tonton, kwa kuwa ndiwe mdogo wa Papa na mkubwa wa kikao cha kesho. Baada yako nawasalimu wazee wa ukoo mliotoka Mumosho na Lwiro. Kisha Shangazi Bibiane. Kisha shemeji zangu wakubwa, Raphaël na Léopold, pamoja na wake zao. Na watoto wote ambao bila shaka wamejipanga mlangoni kusikiliza mambo ya wakubwa. Natumaini mko wazima, na kwamba mvua hizi hazikuozesha maharagwe yenu. Sisi huku hatujambo. Papa Aloys amemaliza uji wake leo, naye anawasalimu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia, kama mjuavyo, haujaamka tangu alipopooza.

Tonton, umeniita nisimame mbele ya ukoo nijibu shitaka. Siji. Msinielewe vibaya, si dharau: nikikaa Mudaka kutwa nzima, hapa hapana mtu wa kumgeuza Papa kitandani, na mume wangu Modeste bado yuko machimboni Kamituga. Nakuomba basi uisome barua hii kwa sauti, mbele ya wote, bila kuruka mstari.

Shitaka nalijua. Mwezi uliopita Shangazi Bibiane alinikuta nikitoka chumbani mwa Papa na beseni mkononi. Hakuniuliza neno. Alichukua mwavuli wake akaondoka, na kabla ya Jumapili Mudaka nzima ilikuwa imejua kwamba mke wa Modeste anaingia kwa baba mkwe wake. Desturi hiyo sote tumekua nayo: mke wa mtoto hakanyagi chumba cha baba mkwe, hagusi kitanda chake, hafui hata shuka aliyolalia. Niliishika tangu siku niliyoolewa. Acheni nieleze jinsi ilivyovunjika, ili anayetaka kunihukumu ahukumu jambo analolijua.

Mnamkumbuka Alphonse, mfanyakazi wa huduma ya walemavu. Alikuwa akija nyumbani kila asubuhi. Alimwosha Papa, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni, akamnyoosha mguu, na muda wote huo walikuwa wakitupiana maneno. Papa alimwambia kwamba mikono yake ingefaa zaidi kufyatua matofali. Alphonse alijibu kwamba matofali angalau hayalalamiki. Mimi niliacha maji ya moto nje ya pazia nikaenda zangu shuleni kufundisha. Kila mtu alikuwa mahali pake.

Mwezi wa tisa mkuu wa huduma, Maman Adélaïde, alitukusanya watu wote wenye wagonjwa. Alitueleza, kwa upole nakiri, kwamba kanuni zimebadilika. Wafanyakazi hawatakwenda tena majumbani. Kila familia itoe mwanamke mmoja wa nyumba hiyo. Atafundishwa, atapewa sabuni na dawa ya vidonda, na kazi itakuwa yake. Familia isiyotoa mwanamke, mgonjwa wake ataondolewa kwenye huduma. Niliinua mkono nikauliza kwa nini lazima awe mwanamke. Alijibu kwamba wanaume wana kazi. Nikamwambia kwamba mimi pia nina kazi, nina darasa zima linaloningoja, na kwamba mwanamke pekee wa nyumba yetu ni mke wa mtoto wa mgonjwa. Mama mmoja nyuma yangu akasema, “Na miye vilevile, maman. Benye waliandika hii sheria, bo hawana bakwe?” Ukumbi ulicheka, maana nani hana wakwe, lakini kanuni ilibaki palepale.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa shemeji zangu. Raphaël alinipokea vizuri, akanikalisha, akanieleza kwamba mkuu wa ofisi hawezi kufika kazini ananuka dawa ya vidonda. Léopold alisema duka lake sokoni halina mtu mwingine. Jumapili walikuja baada ya misa, wamevaa vizuri, wakaketi salon, kwenye viti vya wageni, na kumjulia hali baba yao kupitia pazia. Léopold alimletea redio ili asichoke kulala. Papa akamjibu kutoka ndani, “Redio iko na mudomo, Léopold. Haina mikono.” Walicheka sana, wakaondoka kabla maji hayajapata moto.

Shemeji Raphaël, kwa heshima yote: kila Jumamosi unashika jembe la salongo, ile kazi ya lazima ya umma, na kuzibua mifereji ya serikali, na hujawahi kukosa. Nani alikuambia kwamba mgongo wa baba yako ni mchafu kuliko mfereji?

Papa alijaribu kujiosha kwa mkono mmoja. Nilimsikia akihangaika, nikasikia kikombe kikianguka na maji yakimwagika sakafuni. Baadaye harufu ya kidonda ilivuka pazia, nami nikajua kwamba ninayemheshimu hivyo anaoza.

Sasa nawaambia jambo ambalo Shangazi hakuliona. Anadhani alinikamata siku moja. Hapana. Naingia asubuhi na jioni, kila siku, tangu muda mfupi baada ya Alphonse kukatazwa kuja. Wala sikujiamulia. Nilikuwa nimesimama nje ya pazia na maji yangu yanapoa, ndipo Papa aliponiita: “Godelive, ingia. Hii desturi inalinda baba mukwe. Baba mukwe ni miye, na miye naiondoa.” Nikaingia. Kwa aibu nilifumba macho, nikamwaga nusu ya beseni kitandani. Akaniambia, “Fungua macho, mwalimu, utanizamisha.” Tulicheka wote wawili, kisha nikamwosha. Kidonda kinaanza kufunga.

Kwa hiyo mbuzi mnayenidai ili kuitakasa nyumba, simtoi. Nyumba ni safi. Nimeisafisha mimi.

Nanyi mlio wapole, mnaotaka kunisamehe ili niendelee kimyakimya, nawashukuru lakini sikubali. Papa ana wana wawili wazima hapa Bukavu. Jumatano nilirudi kwa Maman Adélaïde nikamwambia sitoki ofisini mwake mpaka aandike majina ya wanaume. Alisema jambo hilo halijawahi kutokea. Nikamwambia litatokea leo, nikakaa kwenye benchi. Alipoona wenzangu wa ule mkutano nao wanaingia mmoja mmoja kukaa kando yangu, alishika kalamu akauliza majina. Nikamtajia Raphaël na Léopold, pamoja na majina yao ya Kizaire, kwa kuwa ya ubatizo ofisini hayapokelewi.

Basi kikao kisitafute uamuzi. Uamuzi umekwisha kutoka kwa mwenye nyumba, Papa mwenyewe, nami nauandika kwa amri yake. Jumatatu saa mbili asubuhi, Raphaël na Léopold wafike kwenye mafunzo. Tangu siku hiyo mmoja amwoshe asubuhi, mwingine jioni. Wasipofika, Jumatatu hiyohiyo Papa atabebwa kwa machela mpaka nyumbani kwa Raphaël, alazwe salon katikati ya viti, awapokee wageni wa mwanawe. Alphonse na rafiki zake wamekubali kubeba. Kazi yenu kesho ni moja: wasimamisheni hao wawili mbele ya ukoo, kila mmoja ajibu kwa kinywa chake kama atakwenda. Wewe, Tonton, utaniletea majibu yao.

Modeste amepelekewa habari hizi zote, naye anasema baba ni wa wote. Mungu awape usingizi mwema, na mashamba yenu yawashibishe.

Ni mimi,
Godelive, mke wa Modeste,
anayemwosha Papa Aloys mpaka Jumatatu asubuhi.