Msichana Niliyemfunda kwa Kalamu

Kiranjeranje, Kilwa
16 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Mwahija,

Assalaam aleikum. Marahaba, shikamoo yako nimeipokea, na yale majani ya chai pia. Hujambo na baridi ya Njombe? Kifua kimepoa? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mikorosho imezaa, mgongo ndio unalalamika kwa kuokota.

Sasa hadithi yako. Uliniambia nikisema haifai utaiacha, wala hutaipeleka kwa mchapishaji. Mzigo gani huo ulionitwisha! Wiki tatu sijakujibu kwa sababu nilimchukia huyo Happiness wako. Miaka kumi na sita, anaingia ndani hasalimii, anauza kanga ya harusi ya mama yake, akiulizwa anabetua mdomo. Nilifunga daftari lako mara mbili nikasema, loh, huyu hana somo wa kumfunda?

Unanijua. Nimewafunda wari wengi waliovunja ungo hapa kijijini, mkono haukutulia. Nikachukua kalamu. Kila alipoingia kimya nikamwandikia "Shikamoo mama." Alipobetua mdomo nikakata, nikamwombesha radhi. Kufika ukurasa wa thelathini kanga hajaiuza, nyumbani hajatoroka, anachota maji tu na kufagia. Nikapiga miayo mwenyewe! Nisamehe, nimekuchafulia kazi, na wino haufutiki.

Jumapili tulikuwa uani tunabangua korosho, nikamwambia Zuwena anisomee. Binti yangu huyu siku hizi hunijibu neno moja tu kutwa nzima. Akasoma kidogo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, huyu umemuua!" Akaanza upya, akisoma maneno yako chini ya wino wangu.

Alipofika pale Happiness amesimama nyuma ya jiko, anamsikia mama yake akiitafuta kanga, anataka kuingia aseme na miguu haitaki, Zuwena akanyamaza. Nilidhani amepoteza mstari, kumbe analia. Akaenda ndani akaniletea ripoti ya shule aliyoificha tangu Septemba. Hesabu, sifuri. Fizikia, usiulize.

Mwahija, nilifungua mdomo nimfunde, nikaufunga. Nikamwambia akae tumalizie korosho. Tukaongea mpaka adhuhuri, mimi na mtoto wangu, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani. Korosho zilizokuwa motoni zikaungua zote, wala sikujali. Nilifurahi jamani!

Happiness bado simpendi, nisikudanganye. Lakini leo akija kusimama nyuma ya jiko langu, nitamwita aingie. Kwa hiyo kitabu kipeleke, na yote niliyoandika mimi uyatupe.

Msalimie mumeo Ahmadi na watoto. Baba Zuwena anakusalimu, anauliza mtakuja lini. Daftari utalipata tukilimaliza. Kurasa za mwisho Zuwena amezificha, amesema ni marufuku kusoma bila yeye.

Mungu akupe afya na aubariki mkono wako.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi yako Somoe